Utambi wa Baruti: Moto wa Kusubiri

Utambi wa baruti ni kamba nyembamba yenye unga wa baruti katikati, uliozungushiwa nyuzi na kukingwa unyevu kwa lami au plastiki. Kazi yake ni kuchelewesha: moto huingia ncha moja na kutokea ncha ya pili baada ya muda unaojulikana, mwashaji akiwa ameshafika mbali.

Mtangulizi wake ni mrao, kamba ya katani iliyochovywa katika maji ya shura. Mrao hautoi mwali; hufukuta, takriban sentimita 30 kwa saa. Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 walikuwa wa enzi ya bunduki za mrao, silaha yenye kero zake: manyunyu yaliuzima, na gizani ncha yake nyekundu ilimfichua mlinzi.

Migodini hatari ilikuwa kubwa zaidi. Wachimbaji wa Ulaya walijaza baruti kwenye mabua au mirija ya manyoya ya bata bukini, na moto ukikimbia, hakukuwa na pa kukimbilia. Mwaka 1831 William Bickford, mfanyabiashara wa ngozi huko Cornwall, Uingereza, alipata wazo kwa kutazama mafundi wakisokota kamba: baruti imiminwe katikati ya nyuzi za juti zikiwa zinasokotwa. Mita moja ya utambi wake iliungua kwa dakika moja na nusu hivi. Uliwaka hata kwenye tundu lililojaa maji, kwa kuwa shura iliyomo ndani ya baruti hutoa oksijeni yake yenyewe.

Kusini mwa Ziwa Viktoria, ufundi huu ni wa dhahabu. Mgodi wa Geita, eneo lililokuwa ndani ya mkoa wa Mwanza hadi 2012, ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, wakati tambi za namna hii zilikuwa kifaa cha kawaida cha migodi duniani. Tambi hukatwa kwa urefu tofauti ili matundu ya katikati yalipuke kwanza, yaliyobaki yafuate na kusukuma mwamba kwenye uwazi huo. Huku juu watu husikiliza na kuhesabu milio. Mlio mmoja ukikosekana, hashuki mtu: utambi ulioingia unyevu unaweza kufukuta muda mrefu, kisha ukalipua.

Migodi mikubwa ya sasa hutumia umeme, au mirija ambamo mshindo husafiri takriban mita 2,000 kwa sekunde. Ucheleweshaji umehamia ndani ya kilipuzi chenyewe, ukipimwa kwa milisekunde.