Usiuziwe Ndege Ndani ya Gunia

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua ukisoma kichwa cha makala haya utacheka. Utasema, "Huyu wa kutwa, anayekuja shule kwa miguu na viatu vyake vimejaa vumbi, ameota nini hata atufundishe kununua ndege?" Cheka tu, lakini usifunge jarida. Nitaanza na pikapu, kisha tutapaa.

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, baba alinunua pikapu kuukuu ya kubebea kabeji na viazi kupeleka sokoni. Pesa zilikuwa za mkopo wa chama. Tulienda naye kuiona saa nne asubuhi, tukaikuta tayari inanguruma, imeoshwa, inang'aa kama jino la mtoto. Mwenyewe akatuzungusha mtaa mmoja, redio ikiimba. Baba akatabasamu, akahesabu noti. Wiki ya tatu injini ilianza kugonga kama mtu anayetwanga kisamvu. Fundi wa jua kali akatuambia kwamba ilikuwa imetiwa oili nzito ili kuzima kelele, na kwamba ikiwa ya moto hungesikia kitu. Kumbe tulikuwa tumeuziwa mbuzi kwenye gunia! Muhula huo wa pili nilikaa nyumbani siku 9 kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana, na mkopo bado unalipwa.

Sasa, mjomba wangu ni fundi wa ndege ndogo katika uwanja wa Wilson, hapo kando ya Barabara ya Lang'ata. Aliposikia habari hiyo hakucheka. Alisema, "Nyinyi mlinunua kwa macho na masikio. Sisi ndege hatuinunui hivyo. Anayenunua ndege kwa macho hagongwi na injini barabarani, anagongwa na ardhi." Nikamwomba anieleze, naye akanieleza jioni nyingi. Hayo ndiyo ninayokuletea.

Ndege yenyewe

Kwa mfano tuchukue Cessna 172. Ndiyo ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000. Iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1955. Ina injini moja, bawa limepita juu ya dirisha, na viti 4 pamoja na cha rubani. Kiwanda kilisimamisha kuiunda mwaka wa 1986, kikaanza tena mwaka wa 1996. Kwa hivyo nyingi zinazouzwa zimetumika sana, na baadhi zimewapita wazazi wetu kwa umri. Umri peke yake si dhambi. Swali ni ilivyotunzwa, na jibu halipatikani kwa kutazama rangi.

Wengi hudhani kwamba safari ya majaribio ni kupanda, kuzunguka juu ya mji na kushuka ukisema "nimeipenda". La hasha! Safari hiyo ni kama mtihani, na mtihani hupangwa kabla ya siku yake. Mjomba anasema kwamba nusu ya kazi huisha ndege ikiwa bado chini.

Kwanza, karatasi

Mnunuzi huanza kwa kusoma. Ndege ya Kenya ina herufi za usajili zinazoanza na 5Y. Mwenyewe aonyeshe cheti cha usajili, na jina lililomo liwe lake au awe na idhini ya mwenye jina. Aonyeshe pia cheti kinachothibitisha kwamba ndege inafaa kuruka, ambacho hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA), na karatasi za bima. Kisha vitabu vya kumbukumbu: cha mwili wa ndege, cha injini, na cha rafadha, yaani ile pangaboi ya mbele. Humo huandikwa kila saa iliyorukwa na kila kilichobadilishwa.

Injini nyingi za Lycoming zilizofungwa kwenye Cessna 172 hupendekezwa zifunguliwe na kufanywa upya baada ya saa 2,000. Kwa hivyo ukiambiwa injini ina saa 1,900, jua unanunua ndege pamoja na gharama kubwa inayobisha mlangoni. Lakini usidanganyike pia na saa chache. Injini iliyokaa miaka bila kuruka hushikwa na kutu ndani, hasa kule Pwani ambako hewa ina chumvi. Mjomba husema kwamba ndege ni kama jembe, isipotumika huliwa na kutu.

Pili, fundi wa kwako

Usikubali fundi wa muuzaji awe ndiye shahidi wako. Tafuta fundi mwenye leseni ambaye hana hisa katika biashara hiyo, nawe umlipe mwenyewe. Yeye hukagua kabla ya mtu yeyote kupanda.

Kipimo kimoja kilinifurahisha sana. Fundi hutia hewa ndani ya silinda kwa kanieneo ya pauni 80, kisha husoma saa ya pili aone ni kiasi gani kimebaki. Hewa ikitoroka sana, huinama na kusikiliza. Ikipumua kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi haifungi vizuri. Ikipumua kwenye kabureta, ni vali ya kuingizia. Ikipumua pale panapotiwa oili, ringi za pistoni zimekwisha. Si ajabu hiyo? Ni kama daktari na mgonjwa wa kifua.

Tatu, mapatano

Hapa ndipo watu huona haya. Mnaandikiana kabla ya kuruka: ni nani atakayeendesha, ni nani atalipa mafuta, mtaruka kwa muda gani, na ikipatikana hitilafu ni nani atagharamia matengenezo. Ukitoa amana, ikae kwa wakili, na iandikwe kwamba ndege ikianguka mtihani unarudishiwa. Rubani awe na leseni na ruhusa ya kuendesha aina hiyo ya ndege, na bima iwe inamkubali. Bima isipomtambua na gurudumu likavunjika, mtapelekana mahakamani hali ndege hata haijauzwa.

Usione haya, ndugu yangu. Muuzaji mwaminifu hachukii maswali.

Nne, uzito

Viti ni 4, lakini si lazima ndege ibebe watu wazima 4 na tangi zilizojaa. Tufanye hesabu. Cessna 172N hairuhusiwi kupita kilo 1,043 hivi inapopaa. Tuseme ikiwa tupu ina kilo 650. Zinabaki 393. Watu 4 wa kilo 85 kila mmoja ni kilo 340. Mafuta yanabakiwa na kilo 53, nayo lita moja ya mafuta hayo ina uzito wa kilo 0.72 hivi. Hiyo ni kama lita 73, ilhali tangi huchukua zaidi ya lita 150. Kwa mwendo wa kawaida injini hunywa karibu lita 30 kwa saa. Haya, nenda nazo Malindi uone!

Na hapa Nairobi kuna jambo jingine. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Maana yake ni kwamba ndege iliyopaa vizuri kule Mombasa inafika huku ikiwa imepungukiwa na asilimia 16 hivi, na jua la adhuhuri huzidisha taabu. Basi ijaribu mahali utakapoitumia, ikiwa na uzito unaokaribia ule utakaobeba. Wazito wa familia wakitazama wewe ukipaa peke yako, hawatajua lolote.

Tano, asubuhi ya majaribio

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Siku ya majaribio, kabla ya salamu kuisha, fundi huweka mgongo wa mkono karibu na injini. Kama ina joto, huuliza kwa nini. Injini ikiwa baridi ndipo huonyesha ugumu wake wa kuwaka, moshi wake na kelele zake. Mjomba aliwahi kufika bandani saa moja asubuhi akakuta injini ina joto. Mwenyewe akasema alikuwa "akiiandaa kwa ajili ya wageni". Mjomba akafunga sanduku lake la vifaa, akasema watarudi kesho, na kesho yake isiguswe.

Niliposikia hayo nilikumbuka pikapu yetu ikinguruma saa nne asubuhi. Nilinyamaza kimya.

Baada ya hapo huchotwa mafuta kidogo kutoka chini ya tangi na kutiwa kwenye chupa nyeupe. Mafuta ya injini hizi, yaitwayo 100LL, ni ya buluu. Kama kuna maji, yatakaa chini, nayo yakiingia kwenye injini itazimika. Kisha huwashwa. Injini ina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine uendelee. Rubani huzima magneto moja, kisha nyingine, huku akitazama mizunguko ikipungua kidogo. Ikipungua kupita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha ndege, au injini ikigugumia, mtihani umeishia hapo. Hakuna cha "twende tu, itapona huko juu".

Sita, angani

Mnara wa kuongozea ndege ukiruhusu, wanapaa. Saa moja hivi yatosha kwa mtu aliyejipanga. Rubani hushika saa: kutoka futi 6,500 hadi 7,500 imechukua muda gani? Hulinganisha na jedwali la kitabu. Halafu husawazisha ndege na kulegeza mikono kidogo aone kama inakwenda sawa au inavuta upande mmoja. Ikivuta, pengine bawa halijafungwa sawa, au ndege iliwahi kupata ajali isiyoandikwa. Hujaribu redio zote, kila kipimo, na taa. Akiwa juu vya kutosha, hupunguza mwendo polepole hadi mabawa yanaposhindwa kuibeba, aone kama inainamisha pua sawasawa au inaangusha bawa moja kwa ghafla. Kazi hii si ya mwanagenzi.

Wakati huo mnunuzi ana kazi moja: kuandika na kunyamaza. Mandhari ya Ngong ni mazuri, lakini atayaona siku nyingine.

Saba, baada ya kutua

Wengine hupeana mikono hapo na kusahau. Kumbe injini ya moto ina siri zake. Fundi huifungua tena kifuniko na kutafuta oili inayovuja, ambayo haikuonekana asubuhi. Hukata chujio la oili na kuchunguza. Vipande vya chuma vikionekana, huvijaribu kwa sumaku: vikinaswa ni chuma cha pua au cha kawaida, visiponaswa huenda ni aluminiamu ya pistoni. Hapo ndipo mnunuzi huketi na orodha yake, na kuna majibu matatu tu: nanunua, nanunua ukitengeneza hiki na hiki, au asante, kwaheri.

Mjomba anasema jibu la tatu ndilo gumu, kwa sababu mtu amelipa fundi, amelipa mafuta, na moyo umeshaipenda ndege. Lakini safari yote hiyo hupangwa kwa ajili yake. Kama huwezi kusema "asante, kwaheri", basi hukwenda kujaribu, ulikwenda kutembea.

Mwezi wa Agosti uliopita baba alitaka kununua pikipiki iliyotumika. Nilimwomba twende pamoja. Tulipofika, jamaa aliipiga teke mara moja ikawaka, vuum! Nikamwambia baba polepole, "Baba, iguse injini." Akaigusa, akatoa mkono haraka. Akamwambia yule jamaa, kwa heshima, kwamba tutarudi kesho asubuhi tuikute baridi. Jamaa akakasirika, akasema kuna mteja mwingine anakuja saa nane na hana haja na watu wa kuringa. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Njiani baba hakusema neno mpaka tulipofika kwenye kibanda cha chai, akaninunulia mandazi mawili.

Huenda pikipiki ile ilikuwa nzima. Hatutajua kamwe. Lakini pesa zile zingali katika akiba, na muhula huu sijakaa nyumbani hata siku moja.

Leseni ya urubani wa binafsi hutolewa kuanzia miaka 17, nami nina 16. Kwa hivyo, wanachama wenzangu, mkisikia ngurumo juu ya paa la darasa mwaka kesho, msinitafute huko, maana karo ya urubani sina. Lakini mkitaka kununua baiskeli, redio au hata saa ya mkono, niiteni. Nitakuja kuigusa kwanza.