Gitaa za watoto wa wachimbaji

Jumapili moja, nyuma ya mkutano wa sendika, tulibakia mu cercle ya kambi, nyumba ile ambamo baba zetu walikuwa wanacheza dama, wanaangalia sinema na kupiga gitaa. Kijana mmoja anayejifunza kazi ya mekanika akafungua muziki wa wazungu ku telefone yake. Ilikuwa gitaa, ngoma, na mtu anayeimba kama mwenye anagombana na jirani. Mzee wetu mmoja wa pansio akauliza: "Bale banalilia nini?"

Kijana akajibu: "Papa, ni Britpop, muziki ya Uingereza ya miaka ya 90. Habalie, banafurahi."

Mzee akatikisa kichwa. "Mutu mwenye anafurahi haimbake vile."

Tukatafuta. Tulisoma, tulisikiliza, tuliulizana. Kumbe wote wawili walikuwa na haki. Na tulipofika mwisho tukaona kama habari hii inatugusa sisi watu wa mgodi kupita vile tulivyofikiri.

Gitaa ya wazee, maneno ya vijana

Waingereza hawakuanza gitaa mu miaka ya 90. Beatles walitoka Liverpool, mji wa bandari. Kinks wa London waliimba barabara zao, majirani yao, maisha ya kila siku. Manchester ilitoa The Smiths, kutoka 1982 mpaka 1987, kisha Stone Roses, wenye albamu yao ya kwanza ilitoka 1989. Lakini mwanzo wa miaka ya 90, gitaa iliyotawala ilikuwa ya Marekani, ile ya Nirvana, na vijana wengi Uingereza walikuwa wanacheza muziki wa mashini.

Njo hapo orkestra kadhaa zikasema: tuimbe maisha ya kwetu, na matamko ya kwetu. Suede walitoa albamu ya kwanza mu 1993. Mu 1994 Blur walitoa Parklife, na Oasis Definitely Maybe. Mu 1995 ikafika zamu ya Elastica, wenye walikuwa na mwanamke mbele, Justine Frischmann, na ya Pulp na albamu yao Different Class. Magazeti wakaziweka zote mu kapu moja na kuliita Britpop.

Tusidanganyane: hawakuvumbua sauti mpya. Walichukua chungu cha babu, wakapika ndani chakula chao. Nafasi yao mu historia ya gitaa ya Uingereza ni nyingine: waliitoa mu vyumba vidogo vya wapenzi wachache, wakairudisha mu mikono ya watu wote. Siku ya 14 mwezi wa nane 1995, Blur na Oasis walitoa wimbo siku moja, na hata habari za televizyo zikahesabu kama uchaguzi. Blur waliuza karibu 274,000, Oasis 216,000. Magazeti waliandika kama ni vita ya kusini na kaskazini, ya watoto wenye masomo makubwa na watoto wa wafanyakazi. Ile kelele iliuza magazeti mingi. (Damon Albarn, mwimbaji wa Blur, wengine wetu tulimsikia nyuma: mu 2011 alikuja Kinshasa, wakarekodi pamoja na wanamuziki wa kule albamu Kinshasa One Two.)

Mwaka uliofuata, Oasis walipiga Knebworth, siku mbili, mbele ya watu 250,000. Watu kupita milioni mbili na nusu walikuwa wameomba tiketi. Noel Gallagher, mwenye kuandika nyimbo zao, alikuwa mtoto wa Manchester aliyefanya kazi ya bomba za gazi. Amesimulia mara nyingi kama aliumia mguu ku kazi, wakamuweka mu depo, na mule depo njo alianza kuandika nyimbo.

Chini ya furaha, makaa

Sasa turudi kwa neno la mzee wetu. Ile nchi iliyokuwa inafurahi ilikuwa imetoka wapi?

Mwezi wa tatu 1984, wachimbaji wa makaa ya mawe waliingia mu mgomo, juu serikali ya Margaret Thatcher ilitaka kufunga migodi 20 na kuondoa kazi 20,000. Walisimama mwaka mzima. Wamama walipika mu majiko ya kambi na kulisha familia za wagomaji. Mwezi wa tatu 1985 wakarudi kazini bila mapatano. Mu 1992 serikali ikatangaza tena kufunga migodi 31, kazi 30,000. Miezi michache nyuma, magazeti wakaanza kusifu gitaa mpya za Uingereza. Ni nchi moja, ni watu wale wale.

Pulp walitoka Sheffield, mji wa chuma, ambako sendika ya wachimbaji ilikuwa na makao yake. Jarvis Cocker alianza orkestra mu 1978, akiwa angali ku masomo. Alingoja miaka 17 mbele ya kusikilizwa na nchi nzima. Wimbo wao Common People, wa 1995, unasimulia msichana wa familia tajiri mwenye anataka kuonja umaskini kama mtu anayeonja pombe ya kijiji. Yule kijana wa wimbo anamuonyesha kama haitawezekana: siku atachoka, atamuita baba yake, na shida itaisha. Maskini hana mtu wa kuita. Wimbo huo ulifika nafasi ya pili, na watu waliucheza wakicheka. Mzee wetu alipoelezwa maana yake alisema: "Niliwaambia."

Wengine ni Manic Street Preachers, wa Blackwood, mji wa makaa mu mabonde ya Wales. Wanabishana bado kama wanaingia mu Britpop ao hapana. Ku Knebworth walipiga mbele ya Oasis, kwetu inatosha. Ni rafiki wanne wa masomo ya Oakdale, na mgodi wa Oakdale ulifungwa mu 1989. Mwezi wa pili 1995 mmoja wao, Richey Edwards, alipotea, na mpaka leo hakupatikana. Wenzake watatu walirudi mu 1996 na wimbo A Design for Life. Ni wimbo juu ya watu wa kazi na vitabu: juu ya wale wenye walidhaniwa wanajua kunywa tu, na kumbe walijenga nyumba za kusomea. Na ule vilevile ulifika nafasi ya pili.

Hapo njo tulisimama. Wachimbaji wa Wales walikuwa wanatoa peni zao ku mshahara, wanajenga nyumba yao: chumba cha vitabu, chumba cha mikutano, jukwaa la kuimba. Ku Tredegar, karibu na Blackwood, mchimbaji Aneurin Bevan alijisomesha mu nyumba kama ile. Nyuma akawa waziri, na mu 1948 alifungua matunzo ya hospitali bila malipo kwa nchi nzima. Manic Street Preachers walichukua maneno yake kuwa jina la albamu yao ya 1998. Nyumba ya wachimbaji ya Blackwood ingali imesimama, na watu wanapigia muziki ndani. Mgodi ulikufa, nyumba ikabaki.

Nani alilipa?

Watu wanasema: talanta ni talanta, itatoka tu. Sisi hatukubali. Kijana wa gitaa anahitaji muda, anahitaji mahali, anahitaji kula. Uingereza ya miaka ya 80, asiye na kazi alipata makuta ya serikali, madogo lakini yenye kufika kila mara. Kulikuwa tena mpango wa kutoa pauni 40 kwa juma kwa mwenye kuanzisha kazi yake. Alan McGee, mwenye nyumba ya kurekodi iliyochukua Oasis mu 1993, alianzia mule. Ongeza vyumba vya wafanyakazi na bei ndogo ya nyumba. Nyingi za zile haki walizipigania watu wa sendika kwa miaka mingi, na wengi wao hawakushika gitaa hata siku moja.

Kisha ikawa namna gani? Mu mwezi wa saba 1997 Noel Gallagher alipigwa picha akisalimiana na waziri mkuu mpya, Tony Blair, mu nyumba yake. Picha ilikuwa nzuri, lakini haikufungua hata shimo moja. Mwezi wa kumi na mbili 2015, mgodi wa mwisho wa chini wa makaa, Kellingley, ulifungwa. Na Oasis waliporudi mu 2025, wakianzia Cardiff, kulikuwa tiketi za kusimama zilizotangazwa karibu pauni 150, watu wakaziona zinapanda mpaka kupita 350 wakingali ku mstari. Nyimbo za watoto wa wafanyakazi, na mfanyakazi anabaki inje ya mlango.

Na cercle yetu?

Tulisema habari hii inatugusa. Kampuni imetuandikia barua: wanataka cercle iwe depo ya vipuri. Wanasema hakuna mwenye kuitumia. Ni kweli bati inavuja, na jukwaa tumewekea viti vilivyovunjika.

Lakini tukiri kosa letu vilevile. Miaka yote tunapokaa ku meza na kampuni, tunaandika mshahara, dawa, masomo ya watoto, viatu vya kazi. Cercle hatukuiandika hata siku moja. Tuliiona ni mchezo. Na hapa Katanga tulipaswa kujua mbele ya wote: gitaa za Mwenda Jean Bosco na za Losta Abelo zilichezwa mu kambi za wafanyakazi wakati baba zetu walikuwa vijana. Walicheza nani, kama hakukuwa mahali pa kukusanyika jioni nyuma ya kazi?

Jumamosi hii, saa tisa, tutajibu barua mu mkutano, mule mule mu cercle. Sisi wadelege tutapendekeza kila mmoja atoe kidogo ku mshahara kwa kununua bati, na neno "cercle" liingie mu karatasi ya madai, chini ya dawa, juu ya viatu. Wamama waje, vijana waje. Yule fundi kijana alisema ataleta gitaa yake, iko na nyuzi ine tu.

Mzee wa pansio alimjibu: "Lete. Mimi niko na mbili ku nyumba."