Kumpakata mtoto garini si kumlinda

Kiswahili kina kitenzi kimoja kitamu: kupakata. Kumpakata mtoto ni kumweka juu ya mapaja na kumzungushia mikono, na ndani ya neno hilo mna joto, mapenzi na amani. Hata wataalamu walipotafuta jina la tarakilishi ndogo ya kuwekwa mapajani, walikirudia kitenzi hicho hicho wakatupa kipakatalishi. Sina ugomvi na neno. Ugomvi wangu ni na mahali tunapolitenda. Kumpakata mtoto barazani ni malezi. Kumpakata ndani ya gari linalokwenda kasi ni kumwacha bila kinga yoyote, huku sisi wenyewe tukiamini kwamba tumemkinga.

Msomaji asidhani natia chumvi. Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu wa fizikia anaweza kuiandika ubaoni. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda kasi hiyo hiyo. Likigonga na kusimama ghafla, abiria hasimami nalo. Huendelea mbele mpaka azuiwe na kitu. Mtoto wa kilo 10, akitakiwa kuzuiwa katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, huivuta mikono ya anayempakata kana kwamba ana uzito wa kilo 140, yaani zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi, gunia lile la kilo 90. Ni mama gani, hata awe na mapenzi ya kiasi gani, awezaye kulidaka gunia na nusu kufumba na kufumbua? Na kama mama mwenyewe hakujifunga, hurushwa mbele pamoja na mwanawe, na mtoto huwa baina ya mwili wa mama na kiti cha mbele. Wako wanaodhani dawa ni kujifunga mkanda mmoja wao na mtoto. Hapo mtoto hukandamizwa kwenye mkanda na uzito wote wa mtu mzima.

Ukiipandisha kasi hadi kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu waliyowekewa madereva wa matatu, kugonga ukuta ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 25, takriban ghorofa ya nane. Hakuna mzazi amwachaye mtoto asimame kwenye ukingo wa ghorofa ya nane kwa sababu tu amemshika mkono.

La kustaajabisha ni kwamba wahenga wetu hawakuwa na imani hii kubwa katika mikono. Mama aliyekwenda kisimani au shambani hakumshika mtoto, alimfunga. Alichukua mbeleko, akamzungushia mwana mgongoni, akakaza fundo kifuani, ndipo akainama na kuinuka bila hofu. Methali husema mbebwa hujikaza, lakini mama alijua kwamba mtoto mchanga hana nguvu za kujikaza, akamkazia yeye. Mkanda wa gari haufanyi jambo lingine. Umechukua kazi ya mbeleko ukaipeleka kwenye mwendo ambao miguu ya binadamu haiwezi kuufikia. Yamkini tungekiita kiti cha usalama cha mtoto mbeleko ya gari, wazazi wengi wangekielewa upesi kuliko wanavyoelewa hilo jina refu, ambalo hata mimi ninayeishi kwa maneno sijalizoea.

Kuna neno jingine linalotukwaza, nalo ni ajali. Tumelitoa katika Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa ule wa kufa. Maana hiyo haijatoka kabisa katika Kiswahili, ndiyo maana tunasema kwa utulivu kwamba ajali haina kinga, kisha tunaketi garini mkanda ukining'inia ubavuni. Siwezi kubishana na mtu juu ya siku yake ya kufa. Lakini gari kugonga gari ni jambo moja, na kichwa cha abiria kugonga kioo ni jambo la pili, na hili la pili kinga yake ipo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo cha aliyemo garini hadi kufikia nusu, na kwamba kwa watoto wachanga kiti chao huipunguza kwa zaidi ya nusu. Mkanda wenyewe wa ncha tatu, upitao begani na nyongani, ulibuniwa mwaka wa 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Uswidi, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia. Jimbo la Victoria kule Australia liliufanya kuwa wa lazima mwaka wa 1970.

Kwetu Kenya, wengi tuliujua mkanda kwa nguvu ya marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Kanuni alizotangaza mwaka wa 2003 zilianza kutekelezwa Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Abiria walinung'unika kwamba mikanda michafu inawachafulia nguo, lakini walijifunga. Kisha mambo yakalegea, hata ikabidi msako uanzishwe upya Novemba 2018, nao ukalegea vivyo hivyo. Kilichobaki ni lile tangazo la utingo: "Fungeni mikanda, polisi wako mbele." Abiria hufunga, gari hupita kizuizi, mikanda hufunguliwa. Tumeufanya mkanda kuwa salamu ya kumpa askari.

Katika zogo lote hilo mtoto hakutajwa sana, naye hawezi kuvaa mkanda wa baba yake. Mkanda wa mtu mzima hukaa kwenye mifupa ya nyonga na kupita kifuani. Kwa mtoto mdogo hupanda tumboni na shingoni, mahali palaini. Mtoto mchanga, ambaye kichwa chake ni robo nzima ya urefu wake na shingo bado changa, hukalishwa katika kiti kinachotazama nyuma ya gari, ili mgongo wote uupokee mshindo. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Akikua hutazama mbele akiwa amefungwa kamba za kiti chake, na baadaye hukalia kiti cha kumwinua tu mpaka mkanda wa kawaida umkae sawa, kwenye kimo cha sentimita 135 hadi 150. Atalia mwanzoni. Wazee waliliona hilo zamani waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Najua bei ya kiti kipya si ya mshahara wa mwalimu. Kilichotumika si haramu, ila mnunuzi aulize kama kiliwahi kuwa ndani ya gari lililogonga, na akague nyufa na kamba zilizochakaa. Asiye na uwezo huo bado ana la kufanya: mtoto aketi nyuma, si mbele kama zawadi ya kushika nambari ya kwanza, na anayeweza kuketi peke yake apewe nafasi yake na mkanda wake, ukaze chini kwenye nyonga. Katika matatu hapo ndipo shida ilipo, kwa kuwa mtoto aliyepakatwa halipiwi nauli, na aliyeketi hulipiwa. Tumeweka bei juu ya usalama kisha tukamwachia mzazi maskini achague. Wenye vyama vya matatu wangeweza kuliondoa hilo bila kungoja waziri mwingine.

Na shule nazo. Gari linapokodiwa kwenda kwenye tamasha za muziki au ziara ya masomo, mwalimu huhesabu wanafunzi, huhesabu viti, mara nyingine akawaketisha watatu penye wawili. Ahesabu mikanda, auvute kila mmoja aone kama unashika, na gari lililopungukiwa alirudishe kwa mwenyewe kabla mtoto wa kwanza hajapanda.