Dozi ya pili: kuwahi mno na kuchelewa mno

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukizisikia pamoja utadhani zinagombana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Juma hili ningependa tuzitazame zote mbili, kwa maana swali ambalo wasikilizaji huniuliza mara kwa mara limekaa katikati yake: mtu akipewa tarehe ya kurudi kudungwa dozi ya pili ya chanjo, na tarehe hiyo ikapita, je, dozi ya kwanza imekwenda bure?

Swali hili liliwasumbua wengi mwaka 2021. Itakumbukwa kwamba mapema Machi mwaka huo Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza ya chanjo ya COVID-19, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX. Chanjo hizo zilitengenezwa India. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, walimu, askari na wazee, nao waliambiwa warudi baada ya majuma 8. Lakini kabla ya majuma hayo kutimia, India ilikumbwa na wimbi kali la maradhi hayo, ikabakiza chanjo kwa ajili ya watu wake. Wizara ya Afya hapa kwetu ikatangaza kwamba muda wa kungoja umesogezwa hadi majuma 12.

Basi maneno yakawa mengi. Ndani ya matatu na kwenye vibanda vya chai, wapo waliosema kwamba serikali inabahatisha na maisha ya watu. Wengine waliuliza, daktari anayebadilisha tarehe leo, kesho hatabadilisha dawa yenyewe? Sasa hebu tuelewane. Upungufu ulikuwapo, na hakuna awezaye kuukana. Hata hivyo, upungufu huo ulisukuma tarehe kuelekea upande ambao wataalamu walikuwa wamekwisha kuuonyesha.

Uingereza ilichukua uamuzi kama huo tarehe 30 Desemba 2020, ili watu wengi zaidi wapate angalau dozi moja. Februari 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba dozi mbili za AstraZeneca zipishane kwa majuma 8 hadi 12. Mwezi huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha hesabu zao. Waliodungwa dozi ya pili kabla ya majuma 6 kutimia walipata kinga ya kiasi cha asilimia 55 dhidi ya kuugua. Waliongoja majuma 12 au zaidi walipata kiasi cha asilimia 81.

Kwa nini iwe hivyo? Mfikirie mkulima wa mahindi. Akiingia shambani na jembe siku chache tu baada ya kupanda, atang'oa miche. Akikawia mno, magugu yatayasonga mahindi. Mwili nao una msimu wake. Dozi ya kwanza inapoingia, chembe nyeupe za damu huanza kujifunza sura ya adui. Huchukua kama majuma mawili hivi kutoa silaha za kutosha. Baada ya hapo kazi huendelea kimyakimya ndani ya tezi: chembe zinazomtambua adui vizuri zaidi huchaguliwa na kuhifadhiwa kama kumbukumbu, nazo nyingine huachwa zife. Dozi ya pili ikija wakati kazi hiyo bado mbichi, silaha za dozi ya kwanza huizoa mara moja, na mwili haufaidiki sana. Ikija baada ya kumbukumbu kukomaa, mwili huitikia kwa kishindo.

Hiyo ndiyo haraka isiyo na baraka. Tuje sasa kwenye ngoja ngoja.

Anayengoja dozi ya pili ana kinga pungufu. Aina ya virusi iliyoitwa Delta ilipoenea mwaka 2021, wataalamu wa afya wa Uingereza walionyesha kwamba dozi moja ilizuia kuugua kwa kiasi cha asilimia 33 tu. Dozi mbili za AstraZeneca zilifikisha kiasi cha asilimia 60. Ndiyo maana Uingereza, ambayo ilikuwa imerefusha muda hadi majuma 12, ilirudi nyuma Mei 2021 na kuwaita wazee wake baada ya majuma 8. Sayansi haikuwa imejipinga. Adui alikuwa amebadilika, na chanjo zilikuwapo. Hapa kwetu wengi walilazimika kungoja hadi shehena nyingine zilipofika, zikiwamo dozi zaidi ya 350,000 zilizotoka Denmark mwezi Juni.

Leo mambo ni mengine. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, na mwaka 2024 AstraZeneca iliiondoa chanjo yake sokoni. Lakini fundisho la majuma yale halikuondoka, kwa sababu lilikuwapo kabla ya COVID na linatuhusu kila siku. Jibu la swali letu ni hili: dozi iliyochelewa haifuti dozi iliyotangulia. Kumbukumbu ya mwili haina kalenda ya ukutani. Kwa chanjo nyingi, aliyechelewa huendelea pale alipoachia, haanzi upya.

Nalisema hili nikiwafikiria kina mama. Mtoto hudungwa chanjo akiwa na majuma 6, 10 na 14, kisha ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hii ya miezi 18 ndiyo husahauliwa sana, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na mama amerudi kazini. Mama akikumbuka mtoto ana miaka miwili, huona haya. Huogopa kukaripiwa mbele ya foleni, basi hukaa nyumbani. Surua haioni haya. Mama, chukua kile kijitabu, nenda. Nanyi wauguzi wetu, tunajua kazi ni nyingi na mikono ni michache, lakini neno moja kali mlangoni laweza kumnyima mtoto dozi.

Yapo mambo ambayo hayangoji. Aliyeumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, aende hospitali siku hiyo hiyo, na azifuate tarehe zake zote bila kuruka hata moja. Chanjo ya matone ya kuzuia kuhara kwa watoto wachanga nayo ina ukomo wa umri. Kwa hiyo usijipangie mwenyewe. Muulize mhudumu wa afya.

Usiwahi kabla ya siku yako. Ikikupita, usingoje nyingine: nenda kesho asubuhi.