Mgonjwa wa Saratani na Kizuizi cha Barabarani

Quitunda ni kijiji kilichojengwa katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, kwa ajili ya familia zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi asilia. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia huko kuokoa roho zao. Na mtu anayekimbia risasi hachukui kadi ya kliniki.

Mwanamke wa kijiji hicho atokwaye damu isiyo ya kawaida, au aliyegundua uvimbe katika titi, anayo haki gani? Katiba ya Msumbiji, kifungu cha 89, inampa kila raia haki ya kutibiwa. Haki hiyo si ngeni. Tarehe 24 Julai 1975, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, Rais Samora Machel alitangaza kutaifishwa kwa huduma za afya, ili fedha isiwe ndiyo inayoamua nani atibiwe.

Lakini saratani haingoji. Ile ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kukomaa, na katika miaka hiyo muuguzi aliyefunzwa aweza kuitambua dalili yake kwa kupaka siki, akaiondoa sehemu iliyoharibika, na mama akarudi nyumbani siku ile ile. Ikisha kuenea, yahitaji upasuaji au mionzi. Na mashine ya mionzi ya Hospitali Kuu ya Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Palma. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la udaktari la Uingereza, BMJ, ulionyesha kwamba kuchelewa wiki nne tu kuanza matibabu kwaweza kuongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 13.

Wiki hizo nne hazipotei zote hospitalini. Mgonjwa mwenye barua ya rufaa, ambaye kitambulisho chake kiliungua pamoja na nyumba, husimamishwa kizuizini na kuambiwa arudi kesho. Gari huondoka, na tarehe ya daktari hupita. Askari hakumnyima matibabu. Alilinda barabara kama alivyoamriwa, na katika mkoa ambamo adui hujichanganya na raia, ukaguzi hauwezi kuachwa. Kwa mgonjwa matokeo ni yale yale.

Hata hivyo, barua ya rufaa ina jina, mhuri wa kituo cha afya na mahali mgonjwa anakopelekwa. Yaweza kuthibitishwa kwa simu. Mkuu wa kizuizi aweza kuamuru mgonjwa huyo akaguliwe kwanza, pamoja na msindikizaji wake, maana mwenye maumivu makali hasafiri peke yake. Msafara unapopangwa, mganga wa kituo aweza kuulizwa idadi ya wagonjwa walio tayari. Hana haja ya kujua saa wala njia.

Na askari mwenyewe, akaaye porini miezi mingi na kidonda kisichopona au uvimbe unaokua, anayo haki ile ile. Kumwarifu mganga wa kikosi si woga wala utoro.