Watakatifu wa Mti

Leo tutazungumza juu ya wachonga sanamu wa New Mexico. Hili ni jimbo la Marekani linalopakana na nchi ya Meksiko. Wahispania walihamia huko mwaka 1598, na hata leo wako wanavijiji wanaosema Kihispania.

Zamani vijiji hivyo vilikuwa mbali sana na miji. Watu walikuwa Wakatoliki, lakini mapadri walikuwa wachache. Sanamu za watakatifu zilitoka Meksiko, safari ya miezi mingi. Je, watu walikaa tu wakingoja? Hapana. Walichonga wenyewe.

Jinsi walivyochonga

Fundi wa kazi hii huitwa santero. Alichukua mzizi wa mti unaoota kando ya mto, kwa sababu ni mwepesi na ni laini. Akachonga kwa kisu. Mikono aliichonga mbali, kisha akaiunganisha na mwili. Halafu alichoma jasi, akaisaga, akaichanganya na gundi ya ngozi, akaipaka sanamu mpaka ikawa nyeupe. Ilipokauka, alitia rangi za udongo na za mimea.

Mtakatifu wa wakulima

Wakulima humpenda sana San Isidro. Huchongwa pamoja na ng'ombe wawili wanaokokota plau, na malaika pembeni. Husimuliwa kwamba alikuwa kibarua wa shamba karibu na Madrid, Hispania. Alipokuwa akisali, malaika alimlimia. Sikukuu yake ni tarehe 15 Mei. Siku hiyo wanavijiji huzungusha sanamu yake mashambani, wakiomba mvua na mavuno mema.

Sanamu za kiwandani

Reli ilifika Santa Fe mwaka 1880. Basi zikaja sanamu za plasta, zinang'aa kweli kweli. Watu wakaona zao ni za kishamba, wakaziweka kando. Baadaye wageni walizinunua, na leo nyingi zimo katika nyumba za makumbusho.

Hata hivyo kazi haikufa. Katika kijiji cha Córdova, José Dolores López alichonga bila kutia rangi, akawafundisha watoto wake. Mwaka 1982 mwanawe, George López, alipewa tuzo ya taifa ya sanaa za jadi.

Tunajifunza nini? Sanamu ikiuzwa, fundi ataweza kuchonga nyingine. Lakini fundi akifa kabla ya kumfundisha mtu, nani atachonga? Walioiokoa kazi hii ni wale waliowapa watoto wao kisu na kuwaonyesha namna ya kukishika.