CHOMBO CHA KUKODI HUKIJUI

Wengi wenu mlioniona nikirudi shuleni mwanzoni mwa muhula wa tatu, mkono wa kushoto umefungwa plasta, mlidhani nimeanguka kutoka mwembeni huko ushago. Wengine mlizua mengine ambayo mhariri hataniruhusu niyaandike hapa. Ukweli ni kwamba nilianguka kutoka kwa baiskeli ya kukodi, tena jijini Nairobi, tena mchana kweupe, huku ndugu yangu mdogo nimempakia mbele kwenye kile chuma kati ya kiti na usukani.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mtaani kwetu kuna jamaa anayekodisha baiskeli, shilingi 20 kwa dakika 15. Unalipa, anatazama saa, unapanda. Hakuna anayekagua chochote, kwa sababu kila dakika unayoinama kuangalia tairi ni dakika ya pesa zako inayopotea. Nami sikukagua. Nikampakia mdogo wangu, nikashika barabara inayoteremka kuelekea stejini, upepo unatupiga usoni, yeye anapiga kelele za furaha. Mbele yetu matatu ikasimama ghafla kushusha abiria. Nikabana breki. Lo! Ule mkono wa breki ulikuja wote mpaka ukagusa usukani, lakini gurudumu halikuwa na habari. Waya ulikuwa umelegea zamani. Nikajaribu breki ya nyuma, kumbe vibao vyake vya mpira vilikuwa vimekwisha kitambo, imebaki chuma kwa chuma. Basi nikachagua mtaro badala ya matatu. Mimi nikavunjika mkono. Mdogo wangu akapoteza meno mawili ya mbele, na hayakuwa ya utotoni.

Kila aliyekuja kutuona alisema, "Poleni, ajali haina kinga." Nami niliyapokea maneno hayo kwa furaha, maana yaliniondolea lawama mbele ya mama. Lakini nilipofungua shule, mwalimu wetu wa fizikia aliutazama ule mkono akaniuliza swali moja tu: "Ulibana breki kabla ya kupanda?" Nikanyamaza. Akaniambia niende nisome habari za jiji la Austin, Marekani, kisha nirudi nimweleze tofauti yangu na wao. Ndivyo makala haya yalivyoanza.

Katika miji mingi ya ng'ambo kuna skuta za umeme za kukodi. Msidhani ni ile pikipiki ndogo ya zamani yenye kiti. Hii ni kibao cha kusimamia, magurudumu mawili madogo, na usukani mrefu unaofika kifuani. Inaachwa kando ya barabara. Unaifungua kwa simu, unalipia kuifungua, kisha unalipia kila dakika. Unaisukuma kwa mguu mara moja mbili, halafu unabonyeza kwa kidole gumba na mota inakuchukua. Mwaka wa 2018, kati ya Septemba na Novemba, idara ya afya ya Austin pamoja na wataalamu wa serikali ya Marekani walichunguza waendeshaji 190 walioumia kwa skuta hizo. Karibu nusu yao waliumia kichwani. Aliyekuwa amevaa helmeti ni mmoja tu. Na hapa ndipo nilipoacha kusoma nikashika kichwa: mmoja kati ya kila watatu aliumia katika safari yake ya kwanza kabisa.

Safari ya kwanza! Si mtu aliyezoea akafanya madaha, bali mgeni aliyepanda chombo asichokijua. Nilipomrudia mwalimu nikamwambia, "Mwalimu, hakuna tofauti." Wao walikuwa wameharakishwa na simu inayohesabu dakika, mimi na jamaa mwenye saa mkononi. Kuna methali inayohusu nguo ya kuazima na kile isichoweza kusitiri (naiacha hapo, kwani mwalimu mlezi wa chama anasoma kila mstari). Chombo cha kukodi ni hivyo hivyo. Jana kilikuwa kwa mwingine, huenda alikiangusha, huenda alikipitisha kwenye mashimo, na wewe hukuwapo.

Sasa tufanye hesabu kidogo, wale wanaochukia fizikia wanivumilie. Mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni karibu mita 7 kwa kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka na kubana breki, umekwisha pita mita 7, karibu urefu wa darasa, kabla breki haijaanza kazi. Na ukikigonga kitu kwa mwendo huo, ni kama umedondoka kutoka urefu wa mita 2 na nusu, yaani kutoka juu ya paa la kibanda. Ukipunguza mpaka kilomita 15 kwa saa, urefu huo unashuka chini ya mita moja. Mwendo haukupungua hata nusu, lakini kishindo kimebaki karibu theluthi moja. Sababu ni kwamba nguvu za mwendo hukua kwa kipeo cha pili. Mimi nilikuwa nimelikariri jambo hilo kwa mtihani wala sikujua kwamba linahusu meno ya ndugu yangu.

Skuta ina taabu yake nyingine ambayo baiskeli haina. Gurudumu la baiskeli ya mtu mzima huwa na kipenyo cha kama sentimita 65 au 70, la skuta ni dogo sana, mara nyingi sentimita 20 hadi 30. Shimo ambalo baiskeli inalipita kwa mtikisiko tu, gurudumu dogo linazama na kukwama, nawe uliyesimama wima unaendelea mbele peke yako. Ndiyo maana mwenye kuipanda anatakiwa apinde magoti kidogo, aweke mguu mmoja mbele mwingine nyuma, na atazame lami iliyo mbele, si miguu yake. Kubeba mwenzako ndiyo kabisa usijaribu. Breki zile zimepimwa kwa mtu mmoja. Mjini Paris, Ufaransa, mwaka wa 2021 mwanamke mmoja Mwitalia alifariki baada ya kugongwa na skuta iliyokuwa na watu wawili, naye alikuwa anatembea tu kando ya mto Seine. Malalamiko yakazidi, ya mwendo na ya skuta kutupwa ovyo pale wanapopita vipofu na watu wa viti vya magurudumu. Aprili 2023 wakazi wakaulizwa kwa kura. Waliojitokeza hawakufika asilimia 8 ya waliojiandikisha, lakini karibu asilimia 89 yao walikataa, na kufikia mwanzo wa Septemba mwaka huo skuta za kukodi zikaondolewa jijini. Baiskeli za kukodi zilibaki.

Mtauliza, haya ya Paris yanatuhusu nini sisi wa matatu na boda boda? Yanatuhusu sana. Baiskeli za kukodi zimo mitaani mwetu, na pikipiki za umeme zimeingia Nairobi. Binamu yangu anaendesha moja. Betri ikikaribia kwisha haketi kungoja chaji, anapita kituoni, anaiacha na kuchukua nyingine iliyojaa, kama mama anayebadilisha mtungi wa gesi. Nilimwomba anifundishe hatari zake. Akasema, "Ndugu yangu, hatari ya kwanza ni wewe, mwenda kwa miguu." Kwani sisi tumezoea kuvuka barabara kwa masikio. Hatusikii mngurumo, tunaingia. Pikipiki ya umeme inapokuja polepole husikii kitu, labda tairi tu, na katikati ya honi za jiji hata hizo husikii. Ameshapiga breki mara nyingi mbele ya wanafunzi waliovuka huku wakitazama simu. Hatari ya pili, alisema, ni kwamba mota ya umeme haina haja ya kupasha moto wala kupanda gia. Ukizungusha mkono kwa pupa, nguvu inakuja yote mara moja, na abiria ambaye hajashika anabaki nyuma. Basi ukipanda, keti kwanza, shika, kisha ndiyo umwambie twende. Helmeti na jaketi la kuakisi mwanga usione haya kuviuliza, maana Sheria ya Trafiki inataka dereva na abiria wote wavae, na abiria ni mmoja tu.

Kwa baiskeli, haya ndiyo ninayoyafanya siku hizi, na hayachukui hata dakika mbili. Nabana breki ya mbele kwa nguvu na kuisukuma baiskeli mbele: gurudumu lisizunguke. Halafu ya nyuma vivyo hivyo. Naminya tairi kwa kidole gumba. Nashika gurudumu la mbele katikati ya miguu yangu na kujaribu kupinda usukani, ukizunguka peke yake nairudisha. Natazama mnyororo. Ikiwa ni skuta, mikono ya breki na tairi unaweza kuzikagua kabla hujaifungua kwa simu, dakika hazijaanza kuhesabiwa. Kisha dakika za kwanza nazizungukia mahali pasipo na magari mpaka nijue inavyosimama.

Barabarani nimejifunza mengine kwa kuogopa. Lori linalotaka kukata kushoto silipiti upande wa kushoto hata kama nafasi ipo, kwa sababu dereva hanioni kabisa. Matatu iliyosimama naiachia nafasi ya mlango kufunguka. Mvua ikianza kunyesha, zile dakika za kwanza ndizo mbaya zaidi, maana mafuta yaliyomwagika kwenye lami yanaelea juu ya maji, na vifuniko vya chuma vya mitaro vinateleza kama sabuni.

Likizo ya Desemba nilirudi kwa yule jamaa wa baiskeli. Nikainama kubana breki, akanikumbusha kwamba saa inakwenda. Nikamwambia saa ianze nikishapanda, la sivyo sitoi shilingi 20 zangu. Akanitazama, akautazama mkono wangu, akatia simu mfukoni. Ya kwanza niliikataa. Ya pili nikaikataa. Ya tatu breki zilishika. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando na meno yake ya kubandika, nikamuuliza kama anataka kupanda naye yake, si kupakiwa. Akasema kwanza ataikagua mwenyewe.